Aliyekwenda Kariakoo Asirudi: Namna ya Kumtafuta

Huenda katika ukoo wako yumo mtu anayetajwa kwa sentensi moja tu: "Yule alichukuliwa Kariakoo, hakurudi." Basi, yanaishia hapo. Hana kaburi, hana mwaka, na mzee aliyemtaja hugeuza mazungumzo upesi. Watoto wa leo wakisikia hivyo hudhani babu alipotelea sokoni.

Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina moja lililotamkwa na vinywa viwili. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia. Huku kwetu vita hivyo vilianza Agosti 1914, vikaisha tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani aliposalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, nchini Zambia. Ulaya walikuwa wameshanyamaza wiki mbili nyuma. Katika nchi yenye ndorobo, ng'ombe na farasi hawakudumu, magari yalikuwa machache na barabara hazikuwapo. Chakula na risasi vikasafiri juu ya vichwa vya watu. Inakadiriwa kwamba upande wa Waingereza pekee ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa wanakaribia 95,000. Wengi hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na ugali usioiva.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kumtafuta mmoja wa hao. Kanuni yake ni moja, na yote yatakayofuata yanatoka humo: karatasi haikumjua babu yako. Ilimjua kama namba, kama mzigo, kama kichwa cha kutozwa kodi. Wewe ndiye unayemjua. Ukienda kwenye nyaraka bila maneno ya nyumbani, utapita juu ya jina lake na hutamtambua.

Anza na wazee

Kabla ya kupanda basi kwenda Nairobi au Dar es Salaam, kaa na wazee. Usiwaulize alikufa lini. Hawajui, na swali hilo litawafunga midomo. Uliza yale ambayo majibu yake yalikaa ndani ya maisha yao. Nani alikuja kumchukua: askari, mzungu, au jumbe wa hapa hapa? Alichukuliwa peke yake au pamoja na nani? Mkewe alikuwa na mimba au ana mtoto mgongoni? Nani alirudi akaleta habari, na alisema amemwacha wapi? Shamba lilirithiwa na nani? Mjane aliolewa na nani, baada ya mavuno mangapi?

Swali la jumbe liulize kwa adabu, tena faraghani. Serikali ilidai watu kwa idadi, na waliowateua walikuwa machifu na majumbe. Mara nyingi aliyetolewa ni yule asiye na mtetezi: mgeni, yatima, mdeni, kijana aliyekwisha kugombana na wakubwa. Wajukuu wa aliyetoa na wa aliyetolewa huenda leo wanachota maji kisima kimoja. Habari hiyo si ya kuuliza msibani wala harusini.

Andika majibu kwa maneno yaleyale ya mzee, kwa lugha yake. Ukitaka kurekodi kwa simu, omba ruhusa. Mzee akisema "walikwenda na reli mpaka palipokwisha reli," usifasiri kuwa "Voi" au "Kigoma." Andika alivyosema. Maana yake utaitafuta baadaye, na ukiisha kufasiri huwezi tena kurudi kwenye neno lenyewe.

Kisha omba kuona sanduku. Tafuta medali: medali ya vita ya askari imechorwa namba, jina na kikosi ukingoni, kwa herufi ndogo zinazohitaji mwanga wa pembeni. Tafuta kipande, ile karatasi ya alama za vidole ambayo wanaume wa Kenya walilazimishwa kuivaa shingoni ndani ya kibati tangu mwaka 1920 hivi. Kipande kikiwapo, mwenyewe alirudi. Aliyefia vitani hakuwahi kukivaa. Tafuta barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Watu wengi huzidhani ni dua wakazihifadhi bila kuzisoma. Mpelekee mwalimu wa madrasa aliyezoea hati za zamani. Funua pia jalada la msahafu na kurasa za mwanzo za Biblia, maana ndipo watu walipoandika kuzaliwa na kufa. Ukikuta mwaka wa Hijria usikisie. Mwaka 1336, kwa mfano, ulianza Oktoba 1917, kwa hiyo sehemu yake kubwa imo ndani ya 1918.

Kalenda ya watu

Wazee wana tarehe, ila hazina namba. Kazi yako ni kuzipa namba. Nyota yenye mkia ilionekana mwaka 1910. Reli ya kati ilifika Kigoma mapema mwaka 1914. Njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya ilianza 1917, jeshi baada ya jeshi lilipokwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume, ikaendelea hadi 1920. Homa kuu ya mafua ilipita mwishoni mwa 1918. Ukisikia "mtoto alizaliwa njaa inaanza, baba akiwa ameshachukuliwa," umepata mwaka.

Mahali nako kuna mwaka wake, kwa sababu vita vilitembea. Mzee akitaja Voi, Taveta au Mbuyuni, fikiria 1914 hadi mapema 1916. Moshi na Kondoa ni nusu ya kwanza ya 1916. Korogwe na Handeni ni katikati ya mwaka huohuo. Morogoro ilitekwa Agosti 1916, na Waingereza wakaingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Tabora ilianguka mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba. Kilwa, Lindi na bonde la Rufiji ni mwisho wa 1916 na mwaka mzima wa 1917. Mapigano makubwa ya Mahiwa yalikuwa Oktoba 1917. Ng'ambo ya Ruvuma, katika Msumbiji, ni Novemba 1917 na kuendelea. Mwaka 1917 ndio uliokamata watu wengi kuliko yote. Nchini Kenya msako wa mwaka huo ulifagia wilaya baada ya wilaya. Kama ukoo wako unakumbuka kwamba wanaume wote wa rika fulani walichukuliwa kwa mkupuo, anzia hapo.

Jina moja, sura kumi

Karani aliandika alichosikia, naye huenda alikuwa Mhindi, Mwingereza au kijana wa misheni kutoka kabila jingine. R na L zilibadilishana. Herufi za mwanzo zilidondoka. Mjerumani aliandika J yetu kama Dj au Dsch, na Ch yetu kama Tsch, hivyo Juma anaweza kuwa Dschuma na Chande akawa Tschande. Mwingereza aliandika baba kwa "wa," "bin" au "arap," au akamwacha kabisa. Zaidi ya hayo, mtu aliyechukuliwa kwa nguvu hakuwa na sababu ya kumpa karani jina lake la kweli. Huenda akajiita Juma tu.

Kwa hiyo tengeneza orodha ya majina kabla ya kwenda: jina la kuzaliwa, la jando, la ubatizo, la utani, la baba, la babu, la ukoo, na kila namna ambayo sikio geni lingeliandika. Halafu orodhesha majina ya wenzake waliochukuliwa siku ileile. Mara nyingi utampata mwenzake kwanza, na yeye atakuonyesha kikosi.

Fanya hivyo pia kwa makabila na miji. "Kavirondo" iliwafunika Wajaluo na Waluhya pamoja. "Nyika" ni Wamijikenda. "Swahili" angeweza kuwa mtu yeyote aliyevaa kanzu. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg, na Murang'a ni Fort Hall. Asiyejua majina haya atafungua faharasa, aone wilaya yake haimo, arudi nyumbani akisema hakuna kitu.

Alichukuliwa na nani?

Swali hili huamua uende nchi gani. Kenya, Uganda na Zanzibar watu walichukuliwa na Waingereza. Zanzibar hata Askofu Frank Weston wa misheni ya UMCA aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi mwaka 1916. Tanzania bara ni ngumu zaidi. Kijiji kimoja kiliweza kutoa watu kwa Wajerumani mwaka 1915, na kwa Waingereza mwaka 1917. Upande wa Kigoma, Ujiji na Tabora, pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi, kuna waliobebeshwa mizigo na jeshi la Wabelgiji, na karatasi zao zitafutwe Brussels.

Nyaraka kuu za ofisi ya makoloni ya Ujerumani ziko Bundesarchiv, Berlin, katika fungu R 1001, na sehemu kubwa yake unaweza kuisoma kwenye intaneti. Karatasi za Waingereza ziko Kew, London. Barua za serikali kuhusu Kenya zimo katika CO 533, za Tanganyika CO 691, na shajara za vikosi katika WO 95. Hizi hazitakupa jina la mpagazi isipokuwa kwa bahati. Zitakupa safari yake: kikosi kililala wapi, kilikosa chakula siku ngapi, wagonjwa walipelekwa hospitali ipi. Ukishajua alikuwa na nani, hiyo ndiyo njia ya kumfuata hadi pale alipoanguka.

Ndani ya nyaraka za taifa

Nyaraka za Taifa za Kenya ziko Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa la Bank of India. Za Tanzania ziko Dar es Salaam, mtaa wa Vijibweni, Upanga, na za Zanzibar ziko Kilimani. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, iwe ya serikali ya mtaa, shule au msikiti. Uliza mapema kuhusu ada na kibali, kwani masharti hubadilika. Chukua penseli, maana kalamu ya wino haikaribishwi mezani.

Usimwambie mtunza nyaraka, "Namtafuta babu." Nyaraka hazikupangwa kwa mababu, zilipangwa kwa ofisi. Mwambie wilaya na miaka. Omba taarifa za mwaka za mkuu wa wilaya kuanzia 1914 hadi 1920, vitabu vya kumbukumbu vya wilaya, taarifa za makabidhiano kati ya mkuu mmoja na mwingine, na majalada ya kodi na ya wapagazi. Humo utaona walitakiwa watu wangapi, walipatikana wangapi, wangapi walitoroka na wangapi walirudi. Mara chache kuna orodha ya majina. Ukiipata, inakili yote, hata watu usiowajua, pamoja na namba zao. Andika pia namba ya jalada na ukurasa, vinginevyo kesho hutaikuta.

Jihadhari na pengo. Moto ulioteketeza ofisi za Sekretarieti Nairobi mwaka 1939 ulikula karatasi nyingi za makao makuu. Nakala zilizobaki mikoani ndizo msaada wako, na kwa watu wa pwani ya Kenya fungu la PC/COAST ni mahali pazuri pa kuanzia. Dar es Salaam, majalada ya Wajerumani huanza na herufi G, na mengi yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa shida. Piga picha ukiruhusiwa, utafute msomaji baadaye. Katikati ya majalada hayo ya Kijerumani hutokea barua za maakida na majumbe kwa Kiswahili. Hapo ndipo mtu wa nyumbani anapomshinda profesa.

Usiishie miaka ya vita. Mtu aliyekufa 1917 anaweza kutajwa mwaka 1933 au 1958. Tume ya Ardhi ya Kenya ya 1932 hadi 1933 ilichapisha ushahidi wa watu waliosimulia mashamba na mababu zao. Mabaraza ya wazee yalisikiliza kesi za mipaka miaka mingi, na katika kesi ya shamba jambo la kwanza kuulizwa ni nasaba: wewe ni mtoto wa nani, yeye alikufia wapi, na nani alikaa hapa baada yake. Mdai akijibu kwamba baba alikwenda Kariakoo, karani aliandika. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba anaandika tanzia.

Mfuate mjane

Hili ndilo shauri ambalo wengi hulikosa. Serikali haikuwa na haraka ya kuandika kifo cha mpagazi, lakini mjane hakuweza kuolewa tena hivi hivi. Aliyetaka kumwoa, padri, kadhi na wazee wa ukoo, wote walitaka kujua kama mume wa kwanza amekufa kweli. Kifo ambacho jeshi halikukisajili kilithibitishwa mlangoni pa ndoa ya pili.

Kwa Wakatoliki, kanisa halikufungisha ndoa ya mjane mpaka liridhike kuhusu kifo. Fungua daftari la ndoa la parokia, miaka ya 1918 hadi 1925, utafute neno la Kilatini *vidua*, yaani mjane, likifuatwa na jina la marehemu. Katika daftari la ubatizo *filius* ni mwana wa kiume na *filia* wa kike. Katika la vifo *obiit* ni alifariki na *sepultus* ni alizikwa. Misheni kongwe zina madaftari ya zamani sana: Bagamoyo tangu 1868, Kilema tangu 1891, Peramiho tangu 1898. Kwa Waanglikana, kaulizie Rabai, Freretown, Magila na Masasi. Uliza pia shajara ya misheni, maana padri aliyewaona vijana wake wakifungwa kamba hakuiacha siku hiyo ipite bila kuandika.

Kwa Waislamu wa pwani, mke wa aliyepotea hakukaa eda kwa uvumi, wala mirathi haikugawanywa kwa tetesi. Kadhi alisikiliza mashahidi: nani alimwona akifa, nani alimzika, wapi. Madaftari ya kadhi na ya wakfu mengine yako mahakamani, mengine yamehamia kwenye nyaraka. Tafuta kwa jina la mke, la walii wake au la mume wa pili. Kama bibi alikaa miaka mingi bila kuolewa na ukoo ukamsema kuwa mkaidi, huenda shahidi hakupatikana tu.

Pale ambapo hapakuwa na kanisa wala kadhi, mjane alirithiwa na shemeji, na hilo halikuandikwa popote. Lakini daftari la kodi liliandikwa kila mwaka. Nyumba iliyolipiwa na mume mwaka 1916, ikasamehewa mwaka 1919 kwa kuwa ya mjane, au ikahamia kwa ndugu wa mume, imeshakusimulia habari.

Matangazo na magazeti

Gazeti rasmi la serikali ya Kenya limekuwa likitoka tangu 1899, na matoleo mengi ya zamani husomwa bure kwenye intaneti. Ndani yake yamo matangazo ya mirathi yanayowaita wenye madai juu ya mali ya marehemu. Miaka ya mwanzo wengi walikuwa Wazungu, Wahindi na watu wa mijini pwani. Waafrika wa bara huongezeka kadiri miaka inavyosogea. Tafuta si jina la mpagazi tu bali la mwanawe na mjukuu, kwa maana tangazo la mirathi ya mwana huweza kufungua jalada la mahakama ambamo nasaba nzima imetajwa. Unapotafuta kwa kompyuta, andika jina kwa tahajia zake zote. Mashine husoma vibaya karatasi chakavu, kwa hiyo mwezi ukiujua, fungua kurasa moja moja kwa macho yako.

Usisahau fedha. Mwaka 1915 mshahara wa mpagazi wa Kenya ulishushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, na hata hizo, wengi waliokufa hawakuzichukua, wala warithi wao hawakuzipata. Mabishano kuhusu mishahara isiyolipwa yaliendelea kwa miaka kati ya Nairobi na London. Kwenye faharasa tafuta, kwa Kiingereza, habari za mishahara isiyodaiwa.

Magazeti ya Kiswahili yalikuwapo. *Kiongozi* lilianza Tanga mwaka 1904, na *Pwani na Bara* mwaka 1910, lakini vita viliyanyamazisha. *Mambo Leo* lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, likawa uwanja wa barua, mashairi na salamu kutoka kila wilaya. Usitarajie humo tangazo la kifo cha 1917. Tafuta mtoto wa marehemu aliyesoma shule akaandika barua, au mwalimu aliyeeleza habari za kijiji chake. Na ukoo unaokumbuka kwamba kifo cha bibi, yule mjane, kilitangazwa redioni miaka ya sabini umepata pa kuanzia kurudi nyuma.

Orodha za wafu

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, iliundwa mwaka 1917, na hazina yake ya majina hutafutwa bure kwenye intaneti. Askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, unaweza kumkuta kwa jina au namba. Mpagazi, mara chache sana. Mwezi Aprili 2021 tume yenyewe ilichapisha taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu za askari za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zilisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa heshima ya wote, pasipo majina yao. Kwa hiyo usiposoma jina la babu mahali hapo, usidhani hakuwapo. Waandikie tume, maana kazi ya kuongeza majina waliyoahidi inahitaji ushahidi kutoka kwa watu kama wewe.

Ngazi za uhakika

Utafika siku una Juma wa namba fulani, wa wilaya yako, aliyekufia Kilwa, na moyo utakuambia ndiye. Subiri. Gawa karatasi yako sehemu tatu. Ya kwanza, yaliyothibitishwa na vyanzo viwili visivyotegemeana, kwa mfano daftari la parokia na kauli ya mzee ambaye hajaliona daftari hilo. Ya pili, yaliyosemwa na chanzo kimoja. Ya tatu, unayoyadhani. Wenzake waliochukuliwa naye wakionekana karibu na namba yake, mpandishe ngazi. Mke, baba au kijiji kisipolingana, mshushe, hata ikikuuma. Kumzika mtu wa watu wengine katika nasaba yako ni kuwapoteza wawili.

Jiandae pia kwa yatakayokuchoma. Utasoma taarifa ambamo watu wamehesabiwa ukurasa mmoja na punda. Utakuta neno "mtoro." Hilo lilikuwa kosa mbele ya waliomfunga kamba, nyumbani si lazima liwe aibu. Asiyerudi si lazima alikufa. Wapo walioogopa kurudi wasije wakakamatwa tena, wakabaki Dar es Salaam, Tabora au Nairobi, wakaoa na kuzaa. Na yawezekana ukagundua kwamba babu mwingine katika ukoo huohuo ndiye aliyeandika orodha. Kabla ya kutangaza lolote, zungumza na mkubwa wa ukoo. Lako ni kutafuta, lakini wenye habari ni wengi.

Mwisho wa kutafuta

Weka kikomo, tuseme mwaka mmoja na safari tatu. Kisha andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani: majina yake yote, wazazi, mke, watoto, siku aliyochukuliwa kwa kadiri inavyojulikana, njia ambayo kikosi chake kilipita, mahali pa mwisho alipotajwa, na nani alimtaja. Kila jambo lipewe ngazi yake ya uhakika na namba ya jalada lake. Chapa nakala tano. Moja kwa mkubwa wa ukoo, moja parokiani au msikitini, moja kwa mwalimu wa shule ya kijiji, moja ipeleke nyaraka za taifa, na moja ibaki sandukuni pamoja na ile medali au barua.

Mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Hata ukifika Berlin na Kew, ukurasa huo lazima usomwe pale alipochukuliwa. Wengine watasoma hitma, wengine misa, wengine watamwaga pombe ya mtama chini ya mti. Msome kwa sauti, majina yote, na jina la mjane usiliache. Yeye ndiye aliyehesabu mavuno akimngoja. Na watoto wakiuliza Kariakoo ni nini, safari hii kuna mtu wa kuwajibu kwa zaidi ya sentensi moja.